Kizuri Chajiuza? Tulivyojifunza Kulitangaza Darasa Letu



Mara nyingi akina mama wa sharika za jirani wamekuja kutuuliza ni kwa njia gani kikundi chetu kidogo, kilichoanza na vyerehani 2 vya kukanyaga katika chumba cha nyuma ya ofisi ya usharika, kimefika mahali pa kupokea oda za sare za shule kutoka kwa watu wa Dar es Salaam na Mwanza ambao hatujapata kuwaona kwa macho. Wengine hudhani tunaye kijana mtaalamu wa kompyuta anayetufanyia kazi hiyo. La hasha. Tuko akina mama 11 wa kamati, na 4 kati yetu hadi leo wanatumia kitochi. Tutawaeleza tulivyofanya, pamoja na jambo moja tusilopenda kulikumbuka, maana tukiliacha hilo maelezo mengine yote yatakuwa ya uongo.

Tunaishi katika miteremko ya Kilimanjaro, kwenye migomba na kahawa. Darasa letu ni la ushonaji, kwa mabinti waliokatisha masomo kwa kupata mimba. Mtakumbuka kuwa kwa miaka mingi binti aliyepata mimba shuleni alifukuzwa na mlango ukafungwa nyuma yake. Ni Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba mabinti hao waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Kabla ya hapo walibaki jikoni kwa mama zao, wamejikunyata na vichanga vyao, na sisi majirani tulipita njiani tukiinamisha macho. Darasa lilianza kwa sababu tulichoka kuinamisha macho.

Mabinti walifundishwa kupima, kukata, kushona, kupiga pindo na kutengeneza sketi za marinda. Hatukuwa na mfadhili. Mpango wetu ulikuwa darasa lijilipie lenyewe kwa kushona sare, na ushonaji wao, tunasema bila aibu, ulikuwa mzuri kuliko wa mafundi wengi wa sokoni. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua. Mafundi wa sokoni wako barabarani, sisi tuko nyuma ya ofisi ya usharika, na ukitaka kutuona ni lazima uzunguke zizi la ng'ombe wa mchungaji.

Siku moja katika kikao mama mmoja kijana akasema tuingie kwenye mitandao ya kijamii. Mama yetu mzee kuliko wote kikundini akatikisa kichwa.

"Wanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi si wachuuzi."

"Lakini mama, biashara ni matangazo," akajibu yule kijana, kwa adabu.

"Basi soma Mathayo sura ya 6 kisha uniambie habari za tarumbeta."

Kikao kikanyamaza. Neno hilo lilituingia, kwa maana sote tulijua linasemwa juu ya wale wanaotoa sadaka ili watu wawatazame. Tukampelekea mchungaji shauri letu. Alisema kutangaza kwamba kuna mlango ulio wazi si kujitukuza, ila tujichunguze kila mara: tarumbeta likilia, ni nani anayepata heshima na ni nani anayepata aibu? Tulifurahi sana kwa nusu ya kwanza ya jibu lake. Nusu ya pili tuliisikia kwa masikio tu.

Mwaka 2018 tukafungua ukurasa wa Facebook. Tuliweka picha zetu wenyewe, tumevaa vitenge vya sare, tumesimama mstari kama wapambe wa harusi. Tuliweka picha za kikao, na za mgeni rasmi akikata utepe. Waliobonyeza alama ya kupenda walikuwa waume zetu na watoto wetu, na si waume wote. Hakuna aliyeagiza hata shati moja.

Ndipo mwaka uliofuata rafiki mmoja wa kikundi, mtu wa mjini mwenye nia njema, akatushauri. Alisema watu hawatoi fedha kwa kuona fundi, hutoa kwa kuona machozi. Tukamchukua binti mmoja wa darasa, mwenye umri wa miaka 17, tukamketisha kwenye kigoda mbele ya jiko la udongo, mtoto akiwa mapajani, kanga iliyochakaa mabegani. Chini ya picha tukaandika kwamba mwanamume aliyempa mimba alimkimbia, baba yake akamfukuza nyumbani, naye hakuwa na tegemeo lolote isipokuwa darasa letu. Mtaa wetu tuliutaja.

Je, tulimwomba ruhusa? Tulimwambia, "Binti, kaa hapo tukupige picha," naye akakaa. Wakati ule tuliita hiyo ruhusa. Sasa tunajiuliza ni binti gani wa miaka 17 angewakatalia akina mama 11 wa kanisa ambao ndio waliompa cherehani cha kujifunzia.

Ile picha ilikwenda kama moto wa kiangazi. Ilitoka Facebook ikaingia makundi ya WhatsApp ya koo na ya watu wa nyumbani walioko mijini. Katika juma moja tulipokea fedha nyingi kuliko za mwaka mzima uliotangulia. Tulinunua vyerehani 2 vipya. Jumapili tukasimama ibadani tukatoa shukrani, tukapigiwa makofi.

Juma la tatu binti hakuja darasani. Juma la nne hakuja. Kisha akaja mama yake, akabisha hodi kwa mwenyekiti wetu jioni, akakataa kuketi.

"Mama zangu," akasema, "mlimpokea mwanangu nami sijasahau. Lakini baba yake hakumfukuza. Alimkaripia usiku mmoja, asubuhi akamwita akampa chai. Sasa watu wanasomeana habari zake kilabuni na kumwita mtu asiye na utu. Na huyu mjukuu wangu akikua, atajisoma humo."

Hatukuwa na la kujibu. Habari ya kufukuzwa tuliisikia kwa jirani, hatukumwuliza mtu. Usiku ule ule tuliifuta ile picha kwenye ukurasa wetu, tukadhani tumemaliza. Kumbe picha ikishatoka mkononi mwako si yako tena. Siku chache baadaye ndugu wa mmoja wetu alituma kutoka Dar es Salaam picha ile ile, maneno yale yale, ila namba ya kutuma fedha siyo yetu. Mtu tusiyemjua alikuwa akichuma fedha kwa uso wa binti yetu, na sisi ndio tuliompa chombo cha kuchumia.

Huku kwetu mtu aliyekosa akitaka kuomba radhi kwa dhati huchukua jani la isale, naye anayeletewa isale huona vigumu kukataa. Tulichukua isale tukaenda kwa yule baba, sote 11, na mchungaji akatusindikiza. Baba alilipokea. Alisema maneno machache ambayo hatutayaandika hapa. Binti hakutoka nje. Tulimwachia salamu, na cherehani kimoja kati ya vile vipya, tukijua kuwa ndiye hasa aliyekinunua.

Baada ya hapo tukauacha ukurasa kimya karibu mwaka mzima. Nani angethubutu kugusa simu? Oda zikawa haba, mabinti 3 wakaacha darasa kwa sababu hatukuwa na kitambaa cha kuwapa wafanyie mazoezi. Hapo tukaona kwamba kunyamaza nako kuna gharama, na wanaoilipa ni wale wale.

Aliyetutoa katika hali hiyo ni binti wa mmoja wetu, anayesoma chuo. Alikuja likizo akatuonyesha video ya mwaka 2012 iliyotengenezwa na SAIH, shirika la misaada la wanafunzi na wanataaluma wa Norway. Ndani yake Waafrika wanaimba kwa huruma nyingi, wakichanga mashine za kupasha nyumba joto ili wawaokoe Wanorwe maskini wanaoteseka kwa baridi. Tulicheka mpaka mama mmoja akafuta machozi kwa kanga. Kisha tukatulia, maana tulielewa inamcheka nani. Ilikuwa ikizicheka picha za kuomba misaada kama ile ya kwetu, ambamo nchi nzima au mtu mzima hugeuzwa kuwa shida yake tu.

Alitueleza pia habari ya maji ya barafu ya mwaka 2014. Huenda baadhi yenu mliiona. Watu walijimwagia kichwani ndoo ya maji yenye barafu mbele ya kamera, kisha wakawataja watu wengine 3 wafanye hivyo hivyo au watoe mchango, kwa ajili ya ugonjwa wa ALS, ambao huua taratibu neva zinazoendesha misuli. Zaidi ya video milioni 17 ziliwekwa Facebook, na chama cha Marekani kinachoshughulika na ugonjwa huo kilipokea dola milioni 115 katika majuma yapatayo 8. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye utafiti, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba utafiti huo umesaidia kuitambua jeni iitwayo NEK1 inayohusika na ugonjwa huo.

Kwetu ilionekana kama michezo ya watu wenye maji mengi. Lakini mhazini wetu, ambaye kwa kawaida husema mambo ya fedha tu, aliona kitu. "Tazameni aliyelowa," akasema. "Aliyelowa ni mwenye kutoa. Mgonjwa hakuvuliwa nguo." Na ndivyo ilivyokuwa. Hata wagonjwa waliojitokeza, mathalani Pete Frates na Pat Quinn, walijitokeza kwa hiari yao na kusema kwa vinywa vyao wenyewe.

Tukakubaliana hivi: kama kuna mtu wa kuonekana mnyonge katika matangazo yetu, awe mmoja wetu sisi wa kamati. Binti wa darasa ataonekana kama fundi, na uso wake hautaonekana kabisa.

Ndoo za barafu hatuna, lakini viraka tunavyo. Tuliomba kila mama wa kikundi apige picha ya nguo ya nyumbani kwake iliyotiwa kiraka, aeleze ni ya nani na ilichanika vipi, kisha ataje akina mama 3 wafanye hivyo. Jamani, haikuwa rahisi. Mke wa mwalimu mkuu kuonyesha shuka lenye viraka! Tulitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Aliyeanza ni yule mama mzee wa kizuri chajiuza. Alileta koti la marehemu mzee wake, viwiko vimetiwa viraka juu ya viraka. Kwa kuwa hana simu janja, tulimrekodi sauti kwa simu ya mwenzetu. Alieleza, kwa Kichaga kisha kwa Kiswahili, kwamba kiraka cha kwanza alikitia mwaka waliooana, cha pili mwaka kahawa ilipoanguka bei, na cha tatu alikitia mzee akiwa kitandani, wakijua wote wawili kwamba halitavaliwa tena, ila alitaka mikono iwe na kazi. Mwishoni akasema, "Mabinti wetu hapa wanajua kutia kiraka kuliko mimi. Leteni nguo zenu."

Tulipeleka ile sauti pamoja na picha ya koti kwenye makundi yetu. Kufikia jioni picha zilianza kurudi. Suruali za watoto zilizotoboka magoti. Vesti ya fundi gari. Mume wa mwenzetu mmoja aliye Arusha alituma picha ya kifungo alichokishona mwenyewe, kimekaa upande kama jino bovu, tukacheka siku 2. Kila aliyetuma aliacha chini yake maneno mafupi kuhusu darasa na namba ya kuagizia. Hakuna aliyeulizwa kuhusu baba wa mtoto wa mtu.

Kuanzia hapo akili zilifunguka. Mnajua kwamba watu wa kwetu walioko mijini hupanda kuja nyumbani Desemba kwa Krismasi, na Januari shule zinafunguliwa. Basi kila Novemba tunaweka video ya mikono ya binti akipiga pasi sketi, tunauliza ina marinda mangapi. Watu hubishana humo kama wanabishana mpira. Wachache wa kwanza wanaopatia hudariziwa jina la mtoto kwenye mfuko wa sweta watakapoagiza, na gharama yake kwetu ni uzi tu.

Kilichosambaa kuliko vyote hakikuwa tangazo hata kidogo. Ni video ya chini ya dakika moja inayomwonyesha mama jinsi ya kumpima mtoto kwa kamba ya kawaida akiwa hana utepe: kiuno, urefu kutoka kiunoni hadi gotini, bega hadi bega, kisha kamba ilazwe kwenye rula ya shule na vipimo viandikwe. Wengi waliitumia kwenda kwa mafundi wa kwao. Mhazini alinung'unika kwamba tunawapa wengine wateja. Lakini alipowauliza wateja wapya wa Januari walikotusikia, aliambiwa mara nyingi, "Kwa dada aliyenitumia ile ya kamba."

Mambo madogo tutayataja kwa haraka. Picha zipigwe asubuhi karibu na mlango, kitenge kikiwa nyuma, si chini ya taa ya usiku. Video iwe fupi, kwa sababu anayeifungua anatumia bando lake. Stetasi ya WhatsApp hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo tunairudia kila Jumamosi jioni, watu wakiwa wametulia. Wasiosoma tunawatumia ujumbe wa sauti. Fedha hupokelewa kwa lipa namba yenye jina la kikundi, wala si kwa simu ya mtu binafsi, ili mlipaji aone jina kabla ya kuthibitisha. Tulijifunza hilo kwa yule mwizi wa picha. Na hakuna kutuma ujumbe wa kikundi baada ya saa 3 usiku. Kanuni hiyo ya mwisho tuliletewa na waume. Mwenzetu mmoja simu yake ililia saa 5 usiku, mumewe akauliza kwa upole ni nani, akajibiwa "ni marinda," na mazungumzo ya usiku huo hayakuwa mafupi.

Kuhusu ruhusa, siku hizi nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Sisi tulijiwekea utaratibu wetu kabla. Hata kwa picha ya mikono tu, binti huulizwa na mama mmoja peke yake, si na kamati. Huulizwa mara 2, na juma moja lipite katikati. Na kama ni mtoto, mzazi naye huulizwa. Mabinti 2 walikubali mara ya kwanza, wakakataa mara ya pili. Bila lile juma tusingejua.

Hata hivyo tusiwadanganye. Mikono na marinda havileti fedha kama machozi. Hatujapata tena katika juma moja kiasi tulichopata mwaka 2019, na paa la darasa linavuja upande wa mashariki tunapoandika haya. Wapo wenzetu 2 kwenye kamati wanaoamini kwamba tumezidisha woga, kwamba picha moja tu, ikipigwa kwa heshima, ingeleta mabati. Tunawasikiliza kila kikao. Kisha tunapiga kura, na hadi sasa kura zimekuwa 9 kwa 2. Oda za sare ndizo zinazotuweka mjini, kama wasemavyo vijana: Januari iliyopita kila cherehani kilikuwa na kazi mpaka katikati ya Februari.

Yule binti hakurudi darasani. Tunasikia anashona nyumbani kwao kwa kile cherehani, nguo za watoto wa jirani, na mtoto wake ameanza shule. Tukikutana njiani hutuamkia, nasi tunaitikia, kisha kila mtu hushika njia yake. Mwezi uliopita alituma ujumbe wa sauti kwa mwenyekiti wetu. "Shikamoo mama. Naomba nije mnifundishe kola ya shati la kiume, inanishinda. Ila picha hapana."

Mwenyekiti alimjibu aje Jumanne asubuhi, na kwamba simu zetu zote tutaziacha ofisini kwa mchungaji.